Jinsi ya kumfundisha mtoto Dunia na sayari ukiwa Tanga: anza na maji ya bahari, chati baadae

Watu wakitaka kumfundisha mtoto habari za Dunia na sayari wanakimbilia chati, ile yenye jua la njano pembeni na sayari nane zimebanana kwenye mstari mmoja, mtoto anakariri Zebaki Zuhura Dunia Mirihi mpaka mwisho na anapata vema zote, afu ukimuuliza mwezi wa jana usiku ulikuwa upande gani wa nyumba anakukodolea macho. Sasa mtoto wa Tanga ana bahari mlangoni, na bahari inafuata mwezi na jua kila siku bila kukosa, kwahiyo sioni sababu ya kuanzia ukutani.

Naeleza hapa ninavyofanya na watoto wa mtaani kwetu, wale wa darasa la pili mpaka la sita hivi. Vifaa ni vya nyumbani tu: fimbo ya mita moja, uzi, tochi (ya simu inatosha), machungwa, nafaka za jikoni, boksi kubwa na chupa ndogo ya siki. Na usifanye yote wiki moja, hili ni jambo la miezi, maana mwezi haukimbii kwa ajili ya ratiba yako.

Maji kupwa na kujaa

Chagua siku ya bamvua (zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) umpeleke mtoto Raskazone au Mwambani au popote mnapofika baharini kirahisi. Asubuhi ya saa nne saa tano maji yametoka mbali kabisa, kina mama wako huko wanatafuta pweza, mkirudi saa kumi jioni pale pale mlipotembea kwa miguu ni bahari tupu. Kimo cha maji kinaweza kutofautiana zaidi ya mita 3. Mwambie aweke alama maji yalipofika, kwa jiwe au kwa mkaa kwenye ukuta, aandike na saa. Kesho yake mje tena saa ile ile na ataona maji hayajafika kwenye alama, yamechelewa kama dakika 50.

Hapo usimpe jibu. Muulize jana mwezi ulichomoza saa ngapi na leo saa ngapi, akafuatilie mwenyewe, atakuta nao unachelewa kama dakika 50 kila siku (siku nyingine pungufu, nyingine zaidi kidogo). Wapo watakaounganisha palepale na wapo watakaounganisha wiki ijayo wakiwa wanakula, yote sawa.

Ndo sasa unamwelezea kwamba mwezi unavuta. Maji ya upande unaotazamana na mwezi yanavutwa zaidi kwa sababu yako karibu, Dunia yenyewe inavutwa kiasi, na maji ya upande wa nyuma yanavutwa kidogo kuliko wote kwahiyo yanabaki nyuma yakiwa yamevimba pia. Uvimbe ni miwili, Dunia inazunguka ndani yake, ndo maana maji yanajaa mara mbili kwa siku na siyo mara moja. Hili la uvimbe wa pili hata watu wazima wengi hawalijui, kwahiyo soma aya hii mara mbili kabla hujakaa mbele ya watoto, wataliuliza.

Jua nalo linavuta maji lakini kwa sababu liko mbali nguvu yake haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Jua na mwezi zikiwa mstari mmoja na Dunia, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu, zinasaidiana na ndo tunapata bamvua, siku moja mbili baadae. Mwezi ukiwa nusu zinavutana pembeni, na hapo ni maji mafu, hayajai wala kupwa sana. Mvuvi yeyote anayajua haya, kwahiyo mtafute mzee wa ngalawa aongee na watoto, wambebee na kashata, watajifunza kwake vizuri kuliko kwangu mimi na simu yangu.

Mwezi wenyewe

Chomeka chungwa kwenye kijiti cha mishikaki. Zima taa chumbani, weka tochi mezani usawa wa kichwa cha mtoto, hilo ndo jua. Kichwa cha mtoto ni Dunia. Anyooshe mkono na chungwa, aliinue kidogo juu ya kichwa, afu ajizungushe taratibu kuelekea kushoto huku macho yako kwenye chungwa. Likiwa upande wa tochi linaonekana jeusi, akiendelea linaanza kuwaka ukingoni, linakuwa nusu, na tochi ikiwa mgongoni kwake linawaka lote. Asipoliinua, kichwa chake kitaliwekea kivuli, na huko ndo kupatwa kwa mwezi, kwahiyo umefundisha mawili kwa chungwa moja.

Mzunguko kutoka mwezi mwandamo mpaka mwandamo mwingine ni siku 29 na nusu. Watoto wa Tanga wanaijua hii nusu bila kujua kwamba wanaijua, mwezi wa Kiislamu unakuwa na siku 29 au 30, na miezi 12 ya hivyo inafanya siku 354 ndo maana Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Waulize tu, "mbona mwaka jana tulifunga mapema au kwa kuchelewa?" uone wanavyobishana.

Kitu kimoja kinachonikera kwenye picha za vitabuni ni ule mwezi mchanga uliosimama wima. Huo unaonekana hivyo kwa watu wa Ulaya. Sisi tuko karibu sana na ikweta, Tanga ni nyuzi 5 tu kusini, jua linazama karibu wimawima kwahiyo sehemu ya mwezi inayowaka inakuwa chini na mwezi unaonekana umelala chali. Mtoto akichora mwezi umelala usimkosoe, yeye ndo kachora anachokiona.

Fimbo na kivuli

Hii ndo naipenda kuliko zote na haina gharama. Simika fimbo ya mita moja sehemu tambarare, hakikisha imenyooka kwa uzi wenye jiwe kama wafanyavyo mafundi, afu kuanzia saa tano na nusu weka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika kumi mpaka saa saba. Kivuli kifupi kuliko vyote ndo mchana katikati kwa jua. Watoto watashangaa kwamba haiangukii saa sita kamili. Sababu ni kwamba saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, huko karibu na Mogadishu, na sisi tuko kwenye nyuzi 39, Dunia inachukua dakika 4 kuzunguka nyuzi moja, kwahiyo tunachelewa kama dakika 24, na juu ya hapo kuna dakika zinazoongezeka na kupungua kulingana na tarehe. Kama nyumbani mna kalenda yenye nyakati za sala angalia adhuhuri inavyohama mwaka mzima, Februari imechelewa na Novemba mwanzoni imewahi. Ni kivuli hiki hiki.

Sasa fanyeni hivyo miezi tofauti. Juni mwishoni jua liko kaskazini, kivuli kifupi kabisa cha fimbo ya mita 1 kitakuwa kama sentimita 54 na kitaangukia kusini. Desemba mwishoni jua liko kusini yetu, kivuli kitaangukia kaskazini na kitakuwa kama sentimita 33 tu. Na kuna siku mbili katika mwaka ambazo kivuli kinapotea kabisa, fimbo imesimama na chini hamna kitu: tarehe 7 Machi hivi mnamo saa 6 na dakika 35 mchana, na tarehe 6 Oktoba hivi mnamo saa 6 na dakika 12. Siku moja mbele au nyuma bado inaonekana vizuri. Machi kunaweza kuwa na mawingu kwahiyo Oktoba ndo ya kuitegemea.

Kwa nini kivuli kinahama? Kwa sababu Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu hivi huku inalizunguka jua siku 365 na robo. Chukua chungwa lile lile na kijiti chake, liinamishe, litembeze kuzunguka tochi bila kubadilisha upande lilipoinamia. Upande mmoja wa mzunguko juu ya chungwa kunapata mwanga zaidi, upande wa pili chini kunapata zaidi. Watoto wengi (na watu wazima) wanaamini joto linakuja Dunia ikikaribia jua, siyo kweli, Dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari na hapo huko Ulaya watu wanatetemeka kwa baridi.

Kutoka hapo unaingia kwenye upepo bila hata kubadilisha somo. Jua likiwa kaskazini, bara la Asia linapata moto, hewa yake inapanda juu, na hewa ya huku kusini inavutwa kwenda kujaza, tunapata kusi. Jua likirudi kusini Asia inapoa, hewa inateremka na kurudi huku, tunapata kaskazi kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Majahazi ya Arabuni na India yalikuja pwani hii kwa kaskazi na kurudi kwa kusi karne nyingi kabla ya injini. Funga kitambaa juu ya fimbo ya kivuli, mtoto aandike kivuli kiko upande gani na kitambaa kinapepea upande gani, baada ya miezi kadhaa daftari lake litakuwa na jiografia ambayo wengine wanaikariri tu.

Kutembea mpaka Neptuni

Hapa ndo chati inaporudi, ila tunairekebisha. Kata boksi duara lenye upana wa sentimita 70, paka njano, hilo jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni punje ya mbaazi. Siyo mpira, siyo chungwa, mbaazi. Wape watoto muda waishike na walitazame jua, maana jua la kweli lina upana wa Dunia 109 zikipangwa.

Zebaki ni punje ya uwele, Zuhura mbaazi nyingine, Mirihi punje ya mtama. Mshtarii ni chungwa dogo la Muheza la sentimita 7, Zohali ni limau lenye pete ya karatasi ya sentimita 14, Uranusi na Neptuni ni zambarau mbili (kama siyo msimu tumia goroli kubwa). Mwezi wetu ni punje ya ulezi, uwekwe sentimita 19 kutoka kwenye mbaazi, na hapo tayari wataguna kwa sababu kwenye chati umegandishwa karibu na Dunia.

Sasa mtu mzima ahesabu hatua ndefu, za sentimita 75. Hatua 39 weka Zebaki. Hatua 72 Zuhura. Hatua 100 Dunia, na hii ndo kipimo cha yote, hatua 100 ni kilomita milioni 150. Hatua 152 Mirihi. Hapo utakuwa umemaliza uwanja wa mpira na kupitiliza kidogo, na kwa watoto wadogo ishieni hapo. Wakubwa waendelee, hatua 520 Mshtarii, 958 Zohali, 1,920 Uranusi, 3,005 Neptuni, ni kama kilomita mbili na robo toka mlipoanza. Mkitokea Raskazone kuelekea mjini jioni jua likipungua ni matembezi mazuri, muangalie bodaboda tu, na lile chungwa litaliwa kabla halijafika kituo chake kwahiyo bebeni mawili.

Njiani ndo pa kusimulia kidogo kidogo, siyo darasani. Zuhura ni moto kuliko Zebaki ingawa iko mbali zaidi na jua, karibu nyuzi 465 za selsiasi, kwa sababu hewa yake nzito ya kabonidioksaidi inazuia joto lisitoke. Mirihi ni nyekundu kwa kutu. Mshtarii ingeweza kumeza Dunia kama 1,300. Zohali ni nyepesi kuliko maji kwa ujazo. Uranusi inazunguka imelala ubavu. Neptuni iligunduliwa 1846 kwa hesabu kwanza afu ndo ikatafutwa kwa darubini, na mwaka wake ni miaka kama 165 ya kwetu, kwahiyo tangu igunduliwe imemaliza mzunguko mmoja tu. Lazima mmoja ataulizia Pluto, mwambie tangu 2006 inahesabiwa sayari kibete, na ikiwa atakasirika ana haki, wapo wataalamu nao walikasirika.

Jaribuni na mwanga. Mtoto mmoja atoke kwenye jua atembee polepole kiasi kwamba afike kwenye mbaazi baada ya dakika 8 na sekunde 20. Ni polepole sana, wenzake watamcheka, lakini huo ndo mwendo wa mwanga kwa kipimo chetu na hamna kitu kinachoupita. Mpaka Neptuni angetumia zaidi ya saa 4. Wakiuliza nyota ya jirani ingekaa wapi, jibu ni kama kilomita 20,000 kutoka hapo, nusu nzima ya kuzunguka Dunia, unatokea katikati ya Pasifiki.

Usiku mtafute sayari zenyewe. Zuhura ni rahisi, ndo ile inayowaka kuliko nyota zote magharibi baada ya magharibi au mashariki alfajiri, ikitegemea na majira yake. Sayari huwa hazimetimeti sana zikilinganishwa na nyota. Ukipata darubini ya kawaida ya macho mawili, iegemeze kwenye ukuta uitazame Mshtarii, unaweza kuona vidoti pembeni yake, hiyo ni miezi yake mikubwa minne, aliyoiona Galileo 1610. Darubini hiyo hiyo mchana ifungiwe kabatini, kulitazama jua kwayo mara moja tu kunaharibu jicho moja kwa moja. Hata miwani ya jua haisaidii, wala filamu za eksirei.

Chini ya miguu

Watoto wakishachoka na mbingu rudini chini. Chukua parachichi la Lushoto ulikate katikati na kokwa yake. Ganda la nje ni ganda la Dunia, nyama ni tabaka la kati, kokwa ni kiini. Mimi naliona bora kuliko yai la kuchemsha, maana kokwa inachukua karibu nusu ya njia mpaka katikati na kiini cha Dunia nacho ni hivyo hivyo, kilomita 3,480 hivi kati ya 6,371. Linapodanganya ni kwenye ganda, la Dunia ni jembamba zaidi, kwa kipimo cha parachichi lingekuwa kama karatasi mbili za daftari. Na shimo refu kuliko yote waliyochimba watu, la Kola huko Urusi, ni kilomita 12 na kidogo, halikufika hata nusu ya ganda. Mwambie pia tabaka la kati siyo uji wa moto, ni mwamba mgumu unaosogea polepole mno, kilicho kimiminika ni sehemu ya nje ya kiini, chuma kilichoyeyuka, ambacho ndo kinafanya dira ielekee kaskazini.

Baada ya hapo ni mawe. Kusanyeni ganda la chaza, kipande cha tumbawe lililokufa ufukweni, kokoto ya jiwe la chokaa toka upande wa Pongwe, na jiwe moja la Usambara. Kwaruza kila moja kwa msumari upate unga kidogo afu dondoshea siki. Vitatu vya kwanza vitatoa mapovu na la Usambara litakaa kimya. Mapovu ni kabonidioksaidi, inatoka kwa sababu chaza, tumbawe na chokaa vimetengenezwa na kitu kile kile, na ndo hicho hicho kinachochomwa kutengeneza saruji. Jiwe la Usambara lina historia nyingine, lilipikwa na kukandamizwa chini sana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, hata bahari yetu hii haijakuwepo.

Bahari ilikujaje? Madagaska ilikuwa imeshikana na Afrika, ikaanza kujitenga miaka kama milioni 160 iliyopita, maji yakaingia katikati, na kwenye sakafu ya bahari hiyo changa ndo matope ya chokaa ya Amboni yalipojilaza. Wakati huo mababu wa silakanti, yule samaki wa zamani anayenaswa kina kirefu hapa Tanga, walikuwa tayari wanaogelea mamilioni mengi ya miaka. Wanasayansi waliamini ametoweka mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938.

Basi maliza kwa safari ya Mapango ya Amboni, ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini njia ya kwenda Horohoro. Mvua inachukua kabonidioksaidi hewani na kwenye udongo inakuwa tindikali hafifu, inakula jiwe la chokaa taratibu, na matone yanayodondoka ndani yanaacha chokaa kidogo kidogo mpaka yanatokea yale mawe yanayoning'inia. Vaeni viatu visivyoteleza, kila mtoto na tochi yake, muende na muongoza wageni wa pale pale, na watoto waambiwe mapema wasishike wala kuvunja chochote. Watasikia kwamba njia ya chini inafika mpaka Mombasa. Wape hesabu, Mombasa ni kama kilomita 130 kwa mstari, maji ya mvua yangetakiwa kula jiwe kiasi gani mpaka huko, wabishane ndani ya gari wakati wa kurudi. Chupa ya siki ibaki nyumbani, kuna mjanja lazima atataka kuimwaga ukutani.